Malalamiko Kuhusu Kidevu cha Ndugu Yako

Mabanga, Bungoma
Jumatano, mtoto akiwa amelala

Kwa Wifi Phelista,
Mtengenezaji wa Sabuni za Kunyolea,
Kitale.

Wifi mpendwa na mheshimiwa,

MINTARAFU: KIDEVU CHA WABWILE

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Barua hii ilipaswa kukufikia mahindi yakichanua, na sasa watu wanavuna. Kila nikishika kalamu Joy anaamka, na akilala yeye, nami nalala hapo hapo nilipoketi. Utaona mahali wino umeteremka mpaka ukingoni mwa karatasi. Hiyo si hasira, ni usingizi.

Utasema si ningepiga simu. Nimepiga, wifi, na kila mara unanichekesha mpaka nakata simu nikiwa nimekushukuru. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Wabwile ndiye atakayekuletea barua hii akirudi huko Jumapili. Nitamkataza kuifungua.

Kazi yako naijua na naiheshimu. Huku nimewasimulia watu jinsi unavyofika mpaka Suam kuchagua machungwa na malimau yanayovuka kutoka Uganda, jinsi unavyotoa mafuta kwenye maganda, ukayatia kwenye sabuni na kuishindilia ndani ya vikopo. Najua pia kwamba sabuni ya kunyolea lazima ijaribiwe kwenye ndevu, na wewe huna. Ndugu yako anazo. Na kwa kuwa siku za kazi anakaa kwako akitengeneza mashine za kupukuchua mahindi, umeona kidevu chake ni shamba la majaribio. Wiki hii limau, wiki ijayo chungwa, wiki nyingine ndimu. Wewe unaita utafiti. Sisi tunaoletewa matokeo Jumamosi jioni tuna haya ya kusema.

1. Mtoto hamjui babake. Hili ndilo kubwa, na kama umechoka kusoma ishia hapa. Joy ana miezi minane, na mtu wa umri huo anawajua watu kwa pua. Mimi ananijua kwa maziwa na moshi. Wabwile alipokuja mara ya kwanza na limau alilia, lakini kufikia Jumapili mchana alikuwa amelala fofofo, pua imezama shingoni mwa babake. Nikasema haya, amezoea. Jumamosi iliyofuata baba mtu akashuka kwenye bodaboda akiwa chungwa. Joy akamnusa, akanigeukia kama anayeniuliza yule wa juzi ameenda wapi, halafu akalia mpaka akatapika. Wabwile amesimama mlangoni, mkate kwapani, anasema, "Joy, si ni mimi, bana. Ni mimi." Akacheka, unajua anavyopenda kucheka. Lakini alitoka nje akachuchumaa kando ya baiskeli, akawa anazungusha gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote. Wifi, mtu afanye kazi wiki nzima, arudi kwake, akataliwe na mtu asiye na meno?

2. Mbuzi anamjua. Mbuzi wetu habagui tunda. Akija limau anamlamba, akija chungwa anamlamba, akija ndimu anafunga macho lakini bado analamba. Juzi watu wamepita njiani wakaona mbuzi amempandishia mume wangu miguu kifuani, naye mtoto analia mgongoni kwangu. Sijui walienda wakisema nini kuhusu boma hili.

3. Mimi mwenyewe. Nanyonyesha, kwa hiyo nina njaa saa zote. Mume wangu akinikumbatia, mate yananijaa mdomoni. Nilidhani ni mapenzi, mpaka siku nilipojikuta nampapasa mifuko ya koti nikitafuta tunda. Hakukuwa na tunda. Kulikuwa na kidevu. Kumletea mama anayenyonyesha harufu bila chungwa ni kumwita mezani kisha ukamwonyesha sahani imeoshwa.

4. Kanisani. Jumapili ya shukrani ya mavuno, mzee wa kanisa alipita katikati ya viti akitafuta kikapu cha machungwa ambacho hakijapelekwa mbele. Alinusa safu moja baada ya nyingine. Alipotufikia akasimama, akamwangalia Wabwile kama mtu aliyekalia sadaka. Kwaya ikaendelea kuimba. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa patipati.

5. Jina letu. Jirani yangu Mama Derrick ni mtu mzuri sana akiwa amenyamaza. Majuzi tukiwa bombani akaniambia, "Mama Joy, sitaki kuingilia, lakini huyo wako kila wiki ananukia kivingine. Huko Kitale wako wangapi?" Nikamwambia hakuna mtu, ni dada yake humpaka. "Ati dada?" Akatua ndoo chini apate kucheka vizuri. "Wote huwa ni dada, Mama Joy." Sasa ona, nilikuwa nakutetea, na wewe ndiye umegeuka kesi.

6. Kaunti nzima. Hapa nimefikiria mbali, na naomba unifuate polepole. Sabuni yako ni nzuri, kwa hiyo itanunuliwa. Itajaa Kitale, itateremka mpaka Bungoma, na kila mwanamume atanunua kopo la kila aina, kwa sababu ndivyo wanaume walivyo wakionyeshwa vikopo. Watoto wote waliozaliwa mwaka huu watakua bila kuwajua baba zao. Siku ya wazazi mwalimu atauliza, "Baba yako ni yupi hapo?" na mtoto atajibu, "Muhula uliopita alikuwa limau, mwalimu. Saa hii sijui." Itabidi chifu aite baraza, awapange wanaume kwa matunda. Na ikifika karo, Ndimu atasema huyo mtoto ni wa Chungwa, Chungwa aseme alimwona kwa Limau. Nani atamaliza kesi hiyo? Wewe utakuwa Kitale unakausha maganda.

Kwa hivyo, kwa heshima zote, naomba jambo moja tu. Chagua harufu moja. Hata ikiwa ile ya ndimu inayochoma macho, nitavumilia, mtoto atazoea, na babake atakuwa mtu mmoja. Majaribio mengine yatafutie kidevu kingine. Kuna huyo Gikonyo wa duka la mbegu, anayenunua sabuni yako kila wiki na kidevu chake ni laini kama yai. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba huyo hafuati kunyoa.

Sikugombezi, wifi. Wewe ndiwe senge wa Joy, kama tunavyomwita shangazi huku, dada ya babake, na siku akikosana na mimi ni kwako atakakokimbilia, na nitajua yuko mahali pazuri. Lakini kabla ya kumjua senge, amjue baba. Mimi babangu alifanya kazi mbali. Nilijua koti lake lililoachwa ukutani kuliko nilivyojua uso wake, na alipokuja likizo nilijificha nyuma ya mlango mpaka akaondoka tena. Alikuwa mtu mpole, nimeambiwa. Sitaki Joy aambiwe. Nataka ajue mwenyewe.

Nisalimie wote hapo plotini, wasalimie akina mama wa chama chenu, na Gikonyo pia ukimkuta ameegemea kaunta. Huku tuko wazima, isipokuwa usingizi ndio haujatuona.

Ni mimi wifi yako, anayekupenda na ambaye kwa jambo hili habembelezeki,

Dinah, Mama Joy

Tanbihi, Jumapili mchana:

Jana alikuja na harufu nisiyoijua kabisa, chungu na tamu kwa pamoja. Anasema ni balungi. Nilikuwa nimemkalisha Joy kwenye mkeka na nimeshajiandaa kwa kilio. Akamtazama babake. Akatambaa mpaka miguuni pake, akajivuta juu kwa suruali, na Wabwile akainama taratibu kama mtu aliyebeba kitu cha kumwagika. Joy akanusa. Akapiga chafya. Halafu akacheka kwa sauti, akamshika masikio yote mawili, akamng'ata kidevu kwa ufizi.

Nikasema labda ni bahati. Lakini leo asubuhi Wabwile, kwa kuiogopa barua hii ambayo naamini ameshaisoma, alinawa uso kwa sabuni ya kufulia akatoka hana harufu yoyote. Mtoto akamwangalia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima, akajifunika leso yangu. Baba mtu akaingia ndani, akafukua mabaki ya kopo la zamani la chungwa, akajipaka, akatoka akiwa mtu mwingine tena. Joy akamnyooshea mikono. Sasa wamelala wote wawili, na mimi nimekaa hapa na mikono mitupu, sijui hata niiweke wapi.

Nimelifikiria, wifi, nikaona mtoto huyu anajua. Sisi wengine wote tuna harufu moja kila siku. Yule anayekuja kila mara na mpya, huyo ndiye baba. Ukichagua moja sasa, utampokonya. Basi kuanzia namba moja hadi sita, pamoja na ombi langu, yaache yalivyo kwa sababu sina nguvu ya kuandika upya, lakini fanya kinyume. Tafadhali tuletee:

Kopo moja la chenza.

Kopo moja la danzi, hata kama bado halijashika vizuri.

Lile la limau na tangawizi ulilosema unaogopa kumjaribia mtu. Mjaribie.

Brashi mpya. Ya zamani Joy ameitafuna.

Machungwa ya kula, mfuko mdogo, uandike jina langu juu.

Na Wabwile. Ijumaa, si Jumamosi. Harufu nakuachia wewe.