Hotuba ya Kukabidhi Kombe la Programu ya Pampu, Mnyambe

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi, diwani wenu, baada ya mgeni rasmi kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Maandalizi, Kamati Ndogo ya Maandalizi, na Kamati ya Kuziunganisha Kamati hizo. Mtendaji wa kata. Mashehe na mapadri. Wazee wetu, shikamooni (Marahaba, safu ya wazee). Walimu, wauguzi, wakulima mlioacha kuokota korosho ili mnisikilize. Na wewe ambaye sikukutaja, jihesabu umetajwa mahali panapokustahili.

Ndugu wananchi, leo Mnyambe imeingia katika ramani ya dunia ya uthibitishaji wa programu za kompyuta. (Makofi, viti vya mbele.) Najua wapo wanaojiuliza uthibitishaji ni kitu gani. Zamani mtu akiandika programu aliijaribu mara kumi, ikienda vizuri akamshukuru Mungu. Huko kulikuwa kubahatisha. Sisi, katika vizheni yetu ya kidijitali, tunathibitisha kwa hesabu, kama mwalimu anavyothibitisha ubaoni kwamba pembe za pembetatu yoyote jumla yake ni nyuzi mia na themanini, hata pembetatu ambayo hajaichora wala hatakuja kuichora. Ndiyo maana nilibuni Mashindano ya Kuthibitisha Programu ya Pampu, ambamo kila timu hupewa programu itakayoiendesha pampu yetu ya maji bila mtu, tangi likipungua iwashe, likijaa izime, kisha timu zishindane kuonyesha kwamba programu hiyo haiwezi kukosea.

(Bi Josephina, kutoka nyuma: "Na maji yatatoka lini, baba?")

Swali zuri, nitalijibu kwa mpangilio. Mtakumbuka kwamba pampu hii ilikuwa ikiwashwa kwa ufunguo na Mzee Dunstan, Baba Ambrosi, kila alfajiri kwa miaka kumi na tisa. (Makofi, viti vyote. Yanachukua muda.) Asanteni, inatosha. Ufunguo, ndugu zangu, ni mambo ya kianalojia. Pampu ya karne hii haiwezi kutegemea mzee kuamka. Kwa hiyo mwezi wa tano nilimpunguzia Baba Ambrosi mzigo, nikauchukua ufunguo, nikaagiza uchongewe kisanduku cha mpingo chenye kioo mbele, nacho ndicho kombe mnaloliona mezani. Walikuja watu ofisini kwangu mara tatu kuuomba. Niliwasomea kanuni ya tisa, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe: ufunguo hautatolewa kwa yeyote isipokuwa mshindi, na ukishatoka haurudi.

(Nesi Flora wa zahanati: "Mheshimiwa, ni miezi mitano. Wajawazito wanakuja kujifungua na ndoo kichwani. Jana mmoja kaja na dumu la lita tano. Nikamwambia, mwanangu, hayo ni ya kunawa mimi tu.")

Nesi, hiyo ni takwimu, na takwimu huletwa kwa maandishi. Mimi ninazo zangu. Tumefanya vikao ishirini na viwili. Tumealika timu tatu. Timu ya Masasi ilituandikia kwamba faili tuliyowatumia haikuwa na kitu ndani. Timu ya Tandahimba ikaandika maneno hayo hayo, jambo linaloonyesha waziwazi kwamba waliibiana majibu, tukaziondoa timu zote mbili. (Kicheko, viti vya nyuma.) Ikabaki timu ya Makote, yenye mtu mmoja, Mwalimu Veridiana wa hesabu, naye amefaulu. Hivyo kiwango cha ufaulu katika mashindano yetu ni asilimia mia moja, kiwango ambacho sijakisikia popote.

Naomba niusome uthibitisho wake wote, kwa sababu ni mfupi na sisi majaji, yaani mimi, hatukuona mahali pa kuupinga. Anaandika: "Programu niliyopewa haina mstari hata mmoja. Kwa hiyo haina mstari wenye kosa. Haijawahi kufurisha tangi, haijawahi kuzungusha pampu kavu, haijawahi kumdhuru mtu. Haitakosea kamwe." Mwisho wa kunukuu. Ndugu wananchi, hata wazungu programu zao zina makosa. Yetu haina. (Kicheko. Mzee mmoja anafuta macho kwa kofia yake.) Furahini, ni haki yenu.

Mwalimu Veridiana, njoo upokee.

(Mwalimu anapanda jukwaani, anapiga goti kidogo. "Shikamoo, mheshimiwa." "Marahaba, mwanangu." Anapokea kisanduku kwa mikono miwili, anakiweka sakafuni, anavua kiatu, anavunja kioo kwa kisigino cha kiatu, anautoa ufunguo. Anashuka hadi safu ya wazee. "Baba Ambrosi, kanuni ya tisa." Mzee anautazama ufunguo pande zote mbili. "Mafuta yapo," anasema. "Niliacha nimejaza." Anaondoka kuelekea kwenye pampu. Nesi Flora anamfuata, kisha safu mbili za nyuma, kisha safu zote za katikati.)

Kaeni, ndugu zangu, kuna kaulimbiu. Nikisema programu, mnasema haikosei. Programu? (Vichwa vinageukia upande wa pampu.) Programu? (Mtendaji wa kata: "Haikosei.")

Kwa kumalizia, shukrani zangu za dhati zimwendee mtaalamu aliyeandika programu hii, ambaye tutamtafuta mara kibali kitakapotoka; ziiendee kompyuta ya kuiendeshea, ambayo imo katika mpango wa mwaka ujao; ziwaendee mafundi wa kuiunganisha na pampu, ambao hatujaambiwa kama wapo; na zaidi ya wote ziwaendee ninyi, mliouamini mradi huu tangu haujakuwepo hadi leo ambapo, ingawa bado haujakuwepo, tayari umethibitishwa. (Makofi, kamati tatu. Wengine hawapo.)

Maendeleo hoyee. Dijitali hoyee. Samahani, koo limekauka. Naomba mtu anipatie maji.

(Bi Josephina, akirudi kuchukua ndoo yake aliyoisahau chini ya kiti: "Vumilia kidogo, baba. Baba Ambrosi ndiyo kwanza anawasha.")