Jua Halimngoji Mgeni Rasmi

"Nyamazeni! Wanatusema sisi!"

Ngigi alikuwa amebandika sikio kwenye redio yake ndogo ya betri, ile iliyompa jina, maana hapo kijiweni hakuna aliyemwita Ngigi tena. Aliitwa Redio. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu chini ya bati la karakana ya Balwant Singh, nyuma ya soko la Nakuru, na waliokikalia walikuwa ni wale wale wa jana, juzi na mwaka juzi.

"Wanasema nini?" akauliza Ephantus. Huyu aliwahi kuwa karani mahakamani, akastaafu, lakini sheria hazikustaafu ndani yake. Jina lake la benchi lilikuwa Katiba.

"Wanasema Waarabu bado wamekalia mafuta yao. Serikali inaomba wananchi wajifunze kutumia nguvu za jua, nguvu za upepo, na mavi ya ng'ombe."

"Mavi ya nini?"

"Ng'ombe. Yanatoa gesi, unapikia."

Chepngeno, muuza viazi kutoka Mau Narok, alikuwa ndiyo kwanza ashushe gunia. Akabaki ameinama vile vile. "Wooi! Kumbe miaka hii yote nafagia utajiri na kuutupa shambani! Ng'ombe wangu wakisikia watataka mshahara."

"Sikia hii sasa," Redio akaendelea, mkono juu kama polisi wa barabarani. "Ati leo, mjini Nakuru, mgeni rasmi atafungua jiko la kwanza la jua hapa mkoani, ili kuwaelimisha wananchi."

Wote wakageuka. Uwanjani, hatua chache kutoka benchi, kulikuwa na kitu kama sinia la jitu, kimefunikwa kitambaa chekundu na kufungwa utepe. Balwant, ambaye kijiweni aliitwa Nyundo, ndiye aliyelitengeneza kwa mabati aliyoyasugua mpaka yakawa kama kioo. Afisa wa maendeleo ya jamii alikuwa amemletea mchoro, naye akaufuata nusu, nusu nyingine akatia akili yake mwenyewe.

Mugure pekee ndiye hakugeuka. Alikuwa akisuuza vikombe. Tangu aache shule darasa la nne alikuwa akiwauzia hawa wazee chai, na alikuwa mwoga wa maneno kiasi kwamba mteja mgeni humnyooshea vidole kuonyesha vikombe vingapi, akidhani ni bubu. Leo jiko lake la makaa lilikuwa baridi chini ya benchi. Askari wa manispaa walikuwa wamepiga marufuku makaa ya mchana nyuma ya soko, ati moshi unafukuza wageni, na wauza chai wote wakafukuzwa isipokuwa yeye. Afisa alikuwa amemchagua. Apike githeri kwa jua mbele ya mgeni rasmi. Ikiiva, abaki na nafasi yake. Isipoiva, kesho asionekane hapo na sufuria. Kule Kiamunyi mama yake na wadogo zake waliishi kwa chai hii, na hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Mimi naomba kuuliza," Redio akasema. "Jua limenipiga kichwani miaka hamsini. Mbona sijaiva?"

"Sufuria huwa na kitu ndani," Chepngeno akajibu.

Katiba akacheka mpaka akashika mbavu. Redio akaongeza sauti ya redio.

"Hapana cheka," Nyundo akasema, akijifuta grisi kwenye aproni. "Hii jiko iko kali. Jana mimi nasahau kofia yangu ndani, kidogo tu, nanusa moshi. Kofia nakwisha!"

"Basi tupike kofia," Katiba akasema. "Lakini mimi shida yangu ni moja. Jiko la kupikia nje! Kwetu sisi mlango wa jiko hurudishwa."

"Hata kwetu," Chepngeno akakubali. "Ukipika nje, kila anayepita ni mgeni wako. Atasema tu, hamjambo hapo, na huku ameshakaa chini."

"Ndiyo maana mimi naunga mkono jiko hili kwa mikono miwili," Redio akasema. "Serikali imefikiria watu kama sisi."

Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne. Saa nne ikaja ikapita, saa tano nayo ikaifuata. Jua lilikuwa limesimama juu ya mji, kali, jeupe, likifanya mabati ya soko yalie. Lilikuwa jua la kupika ng'ombe mzima, na lilikuwa likipika kitambaa chekundu. Kando ya sinia, sufuria ya Mugure, aliyoipaka masizi nje kama alivyofundishwa, ilikaa na mahindi mabichi na maharagwe yaliyolala majini usiku kucha. Afisa alikuwa amekwenda njia panda kumpokea mgeni, na kabla ya kwenda alikuwa amesema mara mbili: mtu asiguse utepe.

"Yuko wapi huyu mtu?" Chepngeno akauliza.

"Dereva mmoja wa lori amemwona Gilgil," Redio akasema. "Amesimama anakunywa soda. Watu wa Gilgil wamemwimbia, naye akaona si vizuri asiwahutubie."

"Anahutubia nini?"

"Jua."

Mugure akatazama upande wa Mau. Juu ya vilele, mbali, kulikuwa na wingu jembamba kama pamba iliyochambuliwa. Alilijua wingu lile. Kila siku mwezi huu wa nne lilianza hivyo, na ikifika saa nane Nakuru yote inakimbilia chini ya mabati. Akamsogelea Chepngeno, akamnong'oneza hata Chepngeno ikabidi ainame.

"Anasemaje?" Redio akauliza.

"Anasema githeri haitaiva. Anasema jua likienda limekwenda, na huyo mheshimiwa akija atafungua mvua."

Wote wakalitazama wingu. Hakuna aliyekuwa tayari kutafuta chai ya mahali pengine uzeeni.

"Basi fungua hii kitambaa," Nyundo akasema.

"Hasha!" Katiba akasimama. "Kitu kikishafungwa utepe kwa niaba ya mgeni rasmi, hakifunguliwi ila na mgeni rasmi. Hiyo ni sheria."

"Iko sheria ya wapi?"

"Ni desturi, na desturi ni mama wa sheria. Mimi nimeona daraja likikaa miezi mitatu watu wanavuka mtoni kwa miguu, daraja liko hapo, linangoja mkasi."

"Nani nalipa jua mshahara, Katiba? Jua iko mtumishi ya serikali?"

"Hapana, lakini—"

"Basi jua nangoja nani? Wewe naandikia jua barua, naambia, tafadhali simama, mheshimiwa nakunywa soda Gilgil?"

"Kama litafunguliwa," Katiba akasema polepole, akikaa, "lifunguliwe mimi nikiwa nimetazama upande mwingine." Akageuka akatazama ukuta wa karakana kwa makini sana.

Wakamtazama Mugure. Nafasi ilikuwa yake, na utepe ungemkamata yeye, si wao. Akapangusa mikono kwenye leso, akatembea mpaka kwenye sinia, akafungua fundo. Akavuta kitambaa, na mwanga ukaruka ukapiga bati la karakana hata Redio akajikinga macho kwa redio.

Akaweka sufuria mahali pake, akasogeza sinia kidogo, tena kidogo, mpaka ule mwanga wote ukakusanyika chini ya sufuria kama kuku kwenye mtama. Haukupita muda mrefu kifuniko kikaanza kunong'ona.

"Inachemka!" Redio akaruka. "Wallahi inachemka, na hakuna moto!"

Wakaja wote, Katiba akiwa wa kwanza. Wakainama juu ya sinia bega kwa bega, kila mtu akitaka kuona moto uko wapi. Kifuniko kikanyamaza.

"Imezima," Katiba akasema kwa huzuni. "Nilijua."

"Ondoeni vichwa!"

Sauti ilikuwa kali, na iliwachukua muda kutambua ni ya nani. Mugure alikuwa ameweka mikono kiunoni. "Mmelifunika jua kwa vichwa vyenu, wazee wangu. Linapika wapi?"

Wakarudi kwenye benchi wakiwa wamenyooka kama wanafunzi. "Huyu mtoto anaongea," Redio akamnong'oneza Katiba. "Wewe ulijua anaongea?"

Tangu hapo Mugure alizunguka na sinia kama mtu anayemlisha mgonjwa. Jua likisogea inchi, naye anasogeza. Harufu ya githeri ikaenea uwanjani, na sawa kabisa na alivyosema Chepngeno, watu waliokuwa wakipita wakaanza kusema hamjambo. Saa saba na nusu alifunua, akabonyeza haragwe kati ya vidole. Likakubali. Wingu la Mau lilikuwa limeshakuwa milima miwili.

"Gari!" Redio akapiga kelele.

Wakakimbia huku na huko kama kuku walioona mwewe. Nyundo akatupa kitambaa juu ya sinia na sufuria, Chepngeno akafunga utepe, Katiba akaurekebisha uwe wa kiserikali. Afisa alipoteremka na kumfungulia mgeni rasmi mlango, benchi zima lilikuwa limekaa likitazama mawingu.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mpana, mwenye suti ya vifungo viwili na bakora. Alihutubia. Alisema jua ni mali ya wananchi, halina mpaka wala ukabila. Alisema mkoloni alilificha jua hili miaka yote. Alisema mengi, na jua, likiwa limesikiliza vya kutosha, likaingia nyuma ya wingu. Ndipo akakata utepe.

Kitambaa kikaanguka. Mugure akapiga goti, akafunua sufuria, na mvuke ukapanda mpaka kwenye tai ya mgeni rasmi.

"Tayari?" akashangaa.

Hapa yafaa kueleza kwamba mgeni rasmi alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Tangu atahiriwe hakuwahi kukanyaga jiko la mama yake wala la mke wake, kama inavyompasa mwanamume wa heshima, na kuhusu githeri alijua jambo moja tu, kwamba hufika mezani. Kwa hiyo alitazama saa yake, akatazama githeri, akaonja, akafumba macho.

"Mmeona!" akawaambia watu. "Nimekata utepe, chakula kimeiva! Hata moto wa makaa hauna mbio hizi! Ndugu wananchi, sina haja ya kufikiri zaidi. Kuanzia leo, hapa nyuma ya soko, makaa ni marufuku kabisa. Asubuhi, mchana, jioni. Kila kitu kwa jua! Bwana afisa, umesikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

Watu wakapiga makofi. Benchi halikupiga. Chepngeno alimtazama Mugure, na Mugure alikuwa ameshika kifuniko kifuani kama ngao. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa umemmaliza. Wateja wake walikuwa wapakiaji wa soko na watu wa reli, wanaokuja kabla ya mapambazuko wakitoa moshi mdomoni kwa baridi. Jua gani lingewachemshia chai saa kumi na moja alfajiri?

"Tumempikia mtoto wa watu makosa," Redio akasema chini chini.

Na mvua ikaja. Haikuuliza mtu. Ilishuka kutoka Mau ikiwa imekunja mikono ya shati, na uwanja ukatawanyika. Mgeni rasmi, afisa na bakora wakajikuta chini ya bati la karakana, kwenye benchi, wamebanwa kati ya Katiba na gunia la viazi. Suti ilikuwa imelowa. Meno ya mheshimiwa yalianza kugongana.

"Si hapa panauzwa chai?" akauliza, akisugua viganja. "Msichana, nipe chai ya moto."

Benchi zima likageukia jiko la makaa.

"Hakuna, mzee," Mugure akasema.

"Hakuna vipi? Naona birika, naona maziwa."

"Jua limeondoka."

Mgeni rasmi akalitazama sinia kule uwanjani. Lilikuwa limejaa maji, na shomoro wawili walikuwa wakioga ndani. "Basi washa makaa."

Mugure akamtazama afisa. Afisa akatazama viatu vyake. Katiba akakohoa kama mtu anayeomba ruhusa mahakamani, lakini Mugure akamtangulia, na sauti yake haikurudi nyuma.

"Yamekatazwa, mzee. Asubuhi, mchana, jioni. Nikiwasha, askari watanifukuza."

"Lakini githeri iliiva mara moja tu! Nimeona kwa macho yangu!"

"Githeri ile ilikuwa juani tangu saa tano. Niliondoa kitambaa mimi mwenyewe, mzee hajafika. Jiko ni zuri. Githeri, maharagwe, maji ya kuoga watoto, jua litapika bila kununua hata kipande cha kaa. Nitapika nalo kila siku jua likiwaka, na nitawaonyesha akina mama wengine. Lakini watu wangu hunywa chai kukiwa bado giza. Na mvua ikinyesha, hunywa watu waliolowa." Akaonyesha birika. "Niachieni jua la mchana, na makaa ya alfajiri na ya mvua."

Mvua ikapiga bati. Redio alikuwa amezima redio yake, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mgeni rasmi alimtazama afisa, akatazama wingu, akapiga chafya moja iliyotikisa benchi.

"Bwana afisa," akasema, akivuta makamasi kwa heshima. "Hivyo alivyosema. Hivyo hivyo, na askari waambiwe leo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Mugure akalivuta jiko kutoka chini ya benchi, akaweka makaa, akaanza kupuliza. Moshi ukaingia kwenye suti ya mheshimiwa, naye akausogelea.

"Lakini wewe, msichana," akamlaumu, "jambo zito kama hili, mbona hukuniambia kabla sijatangaza?"

"Ulikuwa ukihutubia, mzee," Mugure akasema, akaendelea kupuliza.