Bwawa la Justa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kuchimba. Bwawa la kuogelea! Kwangu, nyuma ya jiko. Sababu ni magoti ya mke wangu, Justa. Hospitali walimwambia kila asubuhi atembee ndani ya maji ya kiunoni. Mtoni kuna mamba. Basi tangu Noeli yuko Mang'ula kwa binti yetu Edna, mpishi wa hoteli ya watalii, anatembea kwenye bwawa la hoteli kabla wageni hawajaamka. Miezi miwili na zaidi! Nakula wali wa kujipikia, juu mbichi, chini umeungua. Hata paka amehama.
Leo Justa kapiga simu tena. Eti Edna ana chumba kizima kitupu, niende. Nikamwambia mwanaume kama mimi hahamii kwa binti yake. Halafu akauliza kama nimekula. Nimekula!

Jumatano, 5 Machi, siku ya Majivu
Kutoka kanisani nimekutana na jirani Kelestini, mstaafu wa reli. Yeye analo bwawa. Ukuta wa tofali za saruji, limesimama juu ya ardhi, ndani limevikwa plastiki nene ya bluu kutoka Dar. Akasema shemeji Justa karibu sana, maji yapo, hata kiti cha kupumzikia kipo. Kwaresima ndiyo imeanza, sikumtukana. Mke wangu akaoge kwa Kelestini? Labda nishazikwa.
Fundi Obadia, aliyemjengea, akaja kuchungulia shimo langu bila kuitwa. Akasema ukuta wa udongo hausimami, nitafute tofali au bati nene. Plastiki iwe moja, isiyo na kiraka. Na nisiende chini, maana masika maji yatatokea ardhini na kuibeba. Nikamuuliza kazaliwa mwaka gani. Mimi nimeinua matuta ya majaruba miaka arobaini, maji hayajawahi kunitoroka! Jaruba na bwawa ni ndugu. Lile lina mpunga, hili litakuwa na Justa.

Jumamosi, 8 Machi
Ukuta tayari! Udongo mweusi, nimeukanyaga kwa miguu yangu mwenyewe. Mgongo tusiuzungumzie. Ndani nimevika turubai letu la kuanikia mpunga, lile la rangi ya machungwa. Panya walilitoboa. Nimebandika viraka vya tyubu ya baiskeli thelathini na kimoja. Fundi gani Ifakara hii anaweza?
Pembeni nimekuta mahali Justa alipopashona kwa uzi wa kijani, mwaka ule tuliovuna hadi tukakosa pa kuweka. Hapo sikubandika kiraka. Panavuja. Pavuje.
Nimempigia, nimesema bwawa liko tayari, kubwa kuliko la hoteli. Akacheka. Anakuja Alhamisi! Nimenyoa ndevu mapema, zitakuwa zimeota tena.

Jumatano, 12 Machi
Mvua tangu jana. Turubai limepanda! Maji yametoka chini yakalibeba, katikati limevimba kama andazi. Nimeweka kinu juu yake. Nimeweka baiskeli. Upande huu ukishuka, ule unapanda. Nimepanda mwenyewe, nikateleza hadi ukutani. Obadia akapita, akatazama, akasema shikamoo mzee, akaenda zake. Sijawahi kudharauliwa namna ile.

Alhamisi, 13 Machi
Justa kaja na bajaji kutoka stendi. Kavaa kitenge cha Noeli. Anatembea vizuri kuliko mimi! Nikamweleza kwamba ule mwinuko wa katikati ni wa makusudi, ni wa kupumzikia. Ukuta ukachagua saa hiyohiyo kulala. Maji yote jikoni!
Justa kacheka mpaka kashika tumbo. Halafu akakaa kwenye tuta lililobaki, miguu kwenye tope, na mimi nikakaa. Aliuona uzi wake wa kijani, akaupapasa kwa kidole.
Akasema hakuja kufuata maji, maji anayo. Anachokosa jioni ni mtu wa kubishana naye. Chumba kwa Edna bado kipo.
Wakati wa kuondoka, kwenye bajaji akakaa pembeni kabisa, akaacha nafasi. Akamwambia dereva asubiri kidogo. Dereva akanitazama. Nikasema siwezi, nina kazi hapa.
Kaniachia wali sufuriani. Umeiva wote.

Ijumaa, 14 Machi
Nimefikiri sana, nimeligundua kosa. Rangi! Turubai la machungwa linamkumbusha mtu kuanika mpunga, hawezi kutulia. Angeikuta bluu, angebaki.
Obadia kaniuliza kwa nini nisipande tu basi, Mang'ula ni karibu. Kijana haelewi ujenzi.
Nimeanza shimo jipya, refu chini kuliko la kwanza. Nimepima upana mara mbili, ili wakitembea watu wawili wasigusane mabega. Halafu nikapunguza kidogo, wagusane.