Kengele ya Mama Watoto

Jumatatu, 3 Juni
Binti yetu mkubwa kaja na kesi. Eti mama yake aliita asubuhi nzima, mimi nimekaa sebuleni na redio yangu. Sauti ya mgonjwa imekwisha, lawama zije kwenye masikio yangu! Kasema niende kwa daktari wa masikio. Masikio haya haya yaliyomsikia akiruka dirishani kwenda kuonana na mchumba wake? Siendi. Basi, kasema, Jumamosi anamchukua mama yake akamuuguze kwake. Mama Watoto kageukia ukutani.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa. Nimeng'oa kisahani cha shaba ndani ya saa mbovu ya mezani, nikakigandisha kwenye ubao wa kitanda chake. Akigonga kwa kidole, kisahani kinatikisika na kutoa umeme. Umeme unakwenda kwenye chipu, kompyuta ndogo kama ukucha, nayo inaamuru kengele ilie sebuleni. Chipu nimeipata kwa shemeji, kaka yake Mama Watoto, fundi redio, baada ya kumsifia kipara chake.
Mama Watoto kagonga. Kimya. Umeme wenyewe mwembamba kama pumzi ya kifaranga. Nikafunga kikuza umeme katikati. Kimya zaidi!

Jumatano, 5 Juni
Shemeji kapita kunicheka. Kasema umeme wa kisahani unapanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, na chipu haijui kitu chochote kilicho chini ya sifuri. Nusu inapotea, tena chipu yenyewe inaweza kuungua. Kwanza niunyanyue umeme mpaka nusu ya nguvu ya betri, kwa rezista mbili tu, vile vidude vya kubana umeme, upate nafasi ya kucheza juu na chini. Ndipo nikuze, kidogo kidogo. Nikamwambia redio zake zinakohoa kuliko dada yake. Kaondoka amenuna. Nikafunga mlango, nikafanya vile vile alivyosema.
Imelia! Nikatimua mbio. Mama Watoto alitaka maji. Ikalia tena, nikatimua tena. Hakutaka kitu. Kasema alitaka tu kuniona nikikimbia. Kacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Alhamisi, 6 Juni
Kidogo kidogo ni mwendo wa waoga. Kidole chake kinazidi kulegea, nikakuza mara mia.
Akikohoa, inalia. Mlango ukifungwa, inalia. Baiskeli ikipita nje, inalia! Umeme unapanda mpaka mwisho wa betri, unakatwa kichwa, na chipu inaona kila kishindo ni kilekile. Nimekimbia mpaka goti limegoma. Mama Watoto kaniomba: Mzee, irudishe kama ya jana. Au lete kiti ukae hapa. Nikamwambia kukaa kitini hakuhitaji akili.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefungua kila kitu. Meza yote waya. Binti akija kesho atapiga magoti.

Jumamosi, 8 Juni
Nilikuwa nimeinama na pasi ya kuchomelea waya, kaingia binti. Hakunisalimu. Kapita moja kwa moja chumbani. Nikamfuata. Mama Watoto alikuwa sakafuni, glasi imevunjika kando, kidole chake kinagonga ubao wa kitanda. Kwa muda gani, sikuuliza.
Binti hakunifokea. Afadhali angefoka. Yeye na shemeji, aliyekuja naye, walimbeba mpaka kwenye gari. Mama Watoto kaniambia niangalie goti langu.

Jumapili, 9 Juni
Binti katuma salamu: Baba, njoo ukae nasi, mama anakuulizia. Nimejibu sina nafasi, nina kazi.
Kosa nimeligundua. Nilikuza kidogo mno! Nimefunga vikuza viwili, kimoja nyuma ya kingine. Kisahani nimekirudisha kwenye ubao wa kitanda. Mchana kutwa kengele inalia, na kila ikilia nakwenda kuchungulia.
Inafanya kazi vizuri sana.