Tathmini ya Ndege ya Mjomba Melkizedek

Jumatatu, 3 Machi. Kilosa.
Kifurushi cha Yunis kimefika! Yunis ni binti wa mjomba Melkizedek, anafanya kazi Ujerumani. Ndani: ndege ya kivita ya plastiki, vipande vitupu, ya kuunganisha kwa gundi. Aina ileile mjomba aliyoihudumia akiwa fundi wa jeshi, vita vya Kagera. Sasa yuko kitandani Mikumi, mapafu yamechoka. Anataka kuiona kabla hajafa. Agizo: nimpelekee Boniface, fundi saa wa Mikumi, aiunge.

Nimpe Boniface? Mtoto wa mama mkubwa yule! Kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Wapwa tuko wawili, shamba la miwa la Ruhembe ni moja. Atakayemwekea mzee ndege mkononi ndiye atakayekumbukwa. Nimempigia Yunis, nikamwambia lazima kwanza ifanyiwe tathmini. Akauliza na nani. Dharau hiyo.

Jumatano, 5 Machi.
Tathmini imeanza. Nimepima mabawa kwa rula, nikazidisha mara sabini na mbili, maana boksi linasema ndege ya kweli ni kubwa mara hizo, nikalinganisha na picha kwenye simu. Bawa moja linapungua. Au rula yangu imelika mwanzoni. Magurudumu: manene. Kioo cha rubani: safi kabisa. Jumla: sita kwa kumi.

Mama Yunis, mke wa mjomba, amepiga simu. Nikamwamkia shikamoo, hata marahaba hakuitikia. Akauliza ndege iko wapi, mzee hali tena, ananyweshwa uji kwa kijiko. Nikamwambia hatuwezi kumpa fundi wa jeshi kitu cha sita kwa kumi. Akakata simu. Nadhani alinielewa.

Ijumaa, 7 Machi.
Boniface amekuja kwa pikipiki, mvua njia nzima, na vibanio vyake vya saa mfukoni. Kiherehere! Nimemwambia boksi liko kwa mtaalamu Morogoro. (Lilikuwa chini ya kitanda.) Akasema mzee hana muda. Akaondoka bila kunywa chai.

Nikaamua kuiunga mwenyewe. Gundi ya dukani, ile inayonata papo hapo. Imenata! Bawa na kidole gumba vimekuwa kitu kimoja. Kioo kimeota ukungu mweupe kwa ndani, mvuke wa gundi, haufutiki. Rubani haonekani. Bawa nimelibandua na ngozi yangu, likavunjika. Nashusha alama: nne kwa kumi. Kosa la kiwanda.

Jumapili, 9 Machi. Mikumi.
Mjomba amefariki alfajiri. Mama Yunis anasema aliulizia ndege mpaka sauti ikakatika. Nimelia. Nimelia kweli, nyuma ya choo, kidole kimefungwa kitambaa. Ndege nimeifikisha msibani ndani ya mfuko wa rambo, ina bawa moja. Boniface akaitazama, akaifunika tena na mfuko wake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi.
Tumezika. Mama Yunis aliitia ndege kwenye jeneza, hivyohivyo ilivyo.

Lakini aliyenimaliza ni Kija, Msukuma wa Msowero, mtani wetu. Kazi ya mtani msibani ni kumwigiza marehemu, na hakasirikiwi. Akavaa koti la mjomba, akajilaza mkekani katikati ya watu, akakohoa kikohozi chenyewe kabisa. "Obed, mpwa wangu, bado unapima?" Watu wakacheka huku wanalia. Akakohoa tena. "Haya, mimi natangulia. Ukimaliza kupima utanikuta." Mama Yunis alicheka mpaka akashikwa mabega asianguke. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 12 Machi.
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: tathmini ilichelewa kuanza. Ilitakiwa ianzie kulekule Ujerumani.

Boniface amechonga msalaba wa mninga. Kasisi atakuja Jumapili kuubariki. Mama Yunis anasema hapati usingizi, mume wake amelala kwenye mvua bila hata jina. Wote wanausifu huo msalaba. Mimi nimeuangalia kwa makini. Herufi Z ya Melkizedek imelala kidogo. Au macho yao hayaoni?

Nimeupakia kwenye basi la Kilosa asubuhi, kabla hawajaamka. Kwanza upimwe.