Mabaraza Mawili ya Chama cha Kuzikana

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeipata! Miaka kumi na moja Ta Kahangwa ni mwenyekiti wa bujuni, chama chetu cha kuzikana hapa Rwamishenye. Akisema sufuria za misiba zitoke stoo, zinatoka. Mimi katibu naandika tu. Leo nimesoma kuhusu mabunge ya majimbo ya Marekani. Akili hiyo! Mabaraza mawili, Seneti na Wawakilishi. Mswada upite kote kuwili, kisha gavana asaini. Ila mwenye nguvu hasa ni mwenyekiti wa kamati: akiukalia mswada, umekufa. Kiti hicho ndicho nakitaka.

Mke wangu Renatha ameuliza kama Wamarekani wanajua kumenya ndizi. Nimemsamehe.

Jumapili, 9 Machi

Hoja imepita! Wazee ni Seneti, waliobaki Wawakilishi, Ta Kahangwa gavana wa kusaini. Kamati ya Misiba: mimi! Kila ombi la sufuria na turubai litakaa kamatini siku tatu. Nikaongeza kwamba mwenye msiba asiongoze kikao cha ombi lake wala kulisaini. Hiyo nilimtegea Kahangwa, ana ndugu wengi. Yeye akasema haya, tujaribu, akanikabidhi ufunguo wa stoo bila kinyongo. Niliudhika kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi Anatolia amefariki, kule Ngenge. Ndiye aliyenilea. Mazishi kesho.

Nilikimbia na ombi langu. Mzee Rwegasira, Spika wa Seneti, akavaa miwani akanisomea sheria: siku tatu, na mimi siruhusiwi kuongoza. Makamu? Sikuweka. Nilisema makamu wa nini! Wawakilishi wakadai bila ripoti ya kamati hawana cha kujadili. Nikawaambia huu ni msiba, jamani. Wakajibu wanasikitika sana, lakini niliwaapisha mwenyewe kufuata sheria. Ufunguo ninao mfukoni, na Seneti nzima imesimama mlangoni pa stoo.

Alhamisi, 13 Machi

Ngenge. Waombolezaji walikaa tangu alfajiri bila hata uji. Jovita, binti wa Shangazi, aliniuliza watu wangu wako wapi, maana mama yake alijisifia miaka yote kwamba akifa, Audax ataleta Rwamishenye nzima.

Saa sita likaja gari. Ta Kahangwa! Mikungu ya ndizi, na sufuria za jikoni kwa mkewe. Alisema amekuja kama jirani, na jirani hasubiri kura. Akashika chepe, akafukia kaburi pamoja nasi. Nililia sana, nusu Shangazi, nusu aibu. Nisamehe, Shangazi.

Jumapili, 16 Machi

Mabaraza yamevunjwa. Hoja nimetoa mwenyewe. Nimerudisha ufunguo, nikaomba radhi mbele ya wote. Ta Kahangwa akanishika mkono, akasema yameisha. Uchu wa madaraka sirudii tena. Kabisa!

Jumanne, 18 Machi

Kumbe sikusoma hadi mwisho! Lipo jimbo moja, Nebraska, lenye baraza moja tu. Moja! Kosa langu lilikuwa lile baraza la pili. Baraza moja, Spika mmoja, na katiba nimeshafika ukurasa wa nne.

Renatha ameniuliza naandika nini kwa bidii hivyo. Nimemwambia ni barua ya kumshukuru Ta Kahangwa.