Kiti cha Mbele cha Mzee Kesho

Jumamosi, tarehe nane, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, mambo ya Mzee Kesho yaliharibika rasmi. Kabla ya hapo yalikuwa yakiharibika kienyeji tu, kama ya watu wengine.

Jina hilo alipewa na mkewe. Miaka ishirini na sita alimwahidi kumpeleka kuliona ziwa, na kila alipoulizwa lini, alijibu, "Kesho." Mama wa watu akafariki hajaona maji mapana kuliko beseni. Mzee akawalaumu wakubwa: barabara mbovu, mafuta ghali. Wakubwa wenyewe hawakujua kwamba wana kesi.

Akaokota gari lililoachwa lioze nyuma ya ofisi fulani, lile la kulala humo humo, lenye kitanda na jiko. Pesa hakuwa nayo. Shule aliishia darasa la nne, lakini ulimi wake uliendelea mpaka chuo.

"Mwanangu," alimwambia mchomeleaji, "ziba sakafu hii, safari ya kwanza ni yako. Jumapili. Usimwambie mtu."

Mshona viti naye akaambiwa hivyo hivyo. Na fundi umeme. Miezi mitatu wakahangaika bure, kila mmoja akiwacheka wenzake kimoyomoyo. Kiti kimoja tu, cha mbele kando ya dereva, Mzee alikataza kisikaliwe. Alikitandikia kanga ya marehemu.

"Hicho kina mwenyewe," alisema.

Mpango ulikuwa aondoke Jumamosi, yeye na kanga. Bahati mbaya wale watatu walimwamini sana, hata kila mmoja akaja siku moja kabla ili kuwahi, na begi lake.

"Wewe wapi?" mshona viti akamuuliza mchomeleaji getini.

"Safari ya kwanza, dada."

"Ya kwanza ni yangu!"

Fundi umeme akaangua kicheko. "Kumbe wa kwanza tuko watatu! Mzee, hongera."

"Wanangu, nilitaka kuwashtukiza," Mzee akasema, jasho likimtoka. "Tutaenda wote. Ila betri imelala. Sukumeni, mimi nishike usukani."

Likiwaka tu, kwaherini. Ndivyo alivyopanga.

"Baba, nyaya nimefunga mimi," fundi umeme akasema, ameshakaa kwa dereva. "Wewe sukuma."

"Nina mgongo, mwanangu."

"Ndiyo maana tunakupa upande wa kivulini."

Wakasukuma. Gari likakohoa, likapiga chafya, likawaka. Mshona viti akarukia mlango wa ubavuni, mchomeleaji wa nyuma. Mzee akabaki amenyoosha mikono mbele, kama mtu anayeisukuma serikali.

Akakimbilia kituo cha polisi. Ofisa akadai hati za gari. Hana. Ofisa akapiga mwayo.

"Njoo kesho," akamwambia.

Mzee akatukana wakubwa wote njia nzima mpaka nyumbani. Alipofika mlangoni wa kutukanwa walikuwa wamemwishia; akabaki yeye tu.

Jumatatu simu yake ikalia. Picha: maji mpaka mwisho wa macho, gari limeegeshwa ufukweni. Kiti cha mbele hakijakaliwa. Kanga imefungwa mkanda vizuri, imegeuziwa ziwa.

Chini yake mshona viti ameandika swali. Mzee ameshaandika jibu mara nne, neno moja tu, na mara nne amelifuta.

"Mama ameshafika. Wewe unakuja lini?"